Baiskeli Iliyofungwa Mtini: Okonkwo, Malaba na Mvi za Wazee Wetu



Wengi wetu tuliopita shule za sekondari tumemsoma Okonkwo, ama kwa Kiingereza katika Things Fall Apart, ama kwa Kiswahili katika tafsiri ya Clement Ndulute iitwayo Shujaa Okonkwo. Tulimsoma kwa ajili ya mtihani. Tukakariri majina, tukajibu maswali, kitabu kikarudi kabatini. Tunachokumbuka ni mtu mkali, bingwa wa mieleka, aliyemuua mjumbe wa serikali kisha akajinyonga. Lakini mle ndani mna kisa kifupi cha baiskeli ambacho wengi tulikiruka, na mimi naona ndicho ufunguo wa kitabu kizima. Leo nataka nikieleze, kwa sababu mambo yaliyomo humo bado tunayafanya.

Mimi si mwalimu wa fasihi. Stashahada yangu ni ya mambo ya forodha na uchukuzi, na ni kazi hiyo iliyonitoa Mombasa ikanileta huku Busia. Kwa asiyefika, mpaka wetu na Uganda una milango miwili mikubwa, Busia na Malaba, yote ndani ya kaunti hii ya Busia. Kila mlango una mji huku na mji wa jina lile lile ng'ambo: Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, Malaba ya Kenya na Malaba ya Uganda. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso wako pande zote mbili. Lori linalobeba kontena kutoka Kilindini hupita zaidi ya kilomita 900 ndipo lifike Malaba. Hivyo basi, ingawa Ziwa Viktoria liko karibu kuliko bahari, si ajabu kusikia lafudhi ya Kisauni au ya Likoni katika foleni ya malori.

Na hapa ndipo neno bodaboda lilipozaliwa. Miaka ya 1960 mtu akishuka upande mmoja wa mpaka alikuwa na kipande cha kutembea, na mzigo wake kichwani, hadi afike upande wa pili. Vijana wenye baiskeli wakafunga mto juu ya keria, wakawa wanaita abiria kwa kutaja safari yenyewe: boda hadi boda. Baadaye pikipiki zikalirithi jina hilo na kulisambaza Afrika Mashariki yote, hadi Mtwapa na Ukunda. Kwa mtu wa Busia, basi, baiskeli ni ugali wa watoto. Ukikaa mji huu ukasoma kisa cha Abame, kinakuingia kwa namna nyingine.

Chinua Achebe alizaliwa mwaka 1930 huko Ogidi, nchini Nigeria, na kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1958. Kimetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 50. Kinasimulia maisha ya Waigbo wa kijiji cha Umuofia mwishoni mwa karne ya 19, wakati Mwingereza anaanza kuingia. Okonkwo, mhusika mkuu, anamuua mtu kwa bahati mbaya, bunduki ikifyatuka mazishini, na kwa mila za kwao anahamishwa miaka saba. Anakwenda kuishi Mbanta, kwa ujombani. Mwaka wa pili rafikiye Obierika anamtembelea na kumletea habari: kijiji cha Abame hakipo tena.

Ilikuwaje? Siku moja mzungu alitokea Abame, peke yake, amepanda baiskeli. Watu hawakuwa wamewahi kuona mzungu wala baiskeli. Waliikiita kitu kile farasi wa chuma. Wengine walikimbia, wengine wakasogea wakamgusa. Wazee wakaenda kuuliza kwa mizimu. Jibu likaja kwamba mgeni huyo ataleta maangamizi, na kwamba wenzake wako njiani, yeye ni wa mbele tu, kama nzige wa kwanza anayetangulia kundi. Basi wakamuua. Baiskeli wakaifunga kwenye mti wao mtakatifu, kwa kuhofia isije ikatoroka ikaenda kuwaita wenzake.

Mzungu yule, kabla hajafa, alikuwa akisema neno. Alilirudia tena na tena. Watu hawakumuelewa, sauti yake waliiona ya puani. Neno lenyewe lilifanana na jina la kijiji kimoja cha mbali. Baadaye ndipo watu walipofikiri kwamba huenda alikuwa anaulizia kijiji hicho. Yaani huenda alikuwa amepotea njia.

Siku zikapita. Wakaja wazungu watatu wakiongozwa na watu weusi. Waliiona baiskeli imefungwa mtini, wakaondoka. Baada ya wiki kadhaa, siku ya soko kubwa, watu wote wamekusanyika, soko likazingirwa, risasi zikamiminwa. Waliosalia ni wazee na wagonjwa waliobaki majumbani, na wachache waliobahatika kupenya.

Kisa ni hicho. Sasa tukipembue, maana mna makosa ya kuona ndani yake ambayo si ya aina moja.

Kosa la kwanza ni la kukisoma kitu kisichojulikana kwa kipimo cha kinachojulikana. Kitu kinachombeba mtu na kwenda mbio, kwao, kilikuwa na uhai. Basi wakakifunga kamba kama mnyama. Kosa hili tunalicheka, lakini ndilo dogo kuliko yote. Kila binadamu hufanya hivyo akikutana na jambo jipya, na peke yake halimwagi damu.

Kosa la pili ni la kuchukulia kwamba lugha usiyoielewa haina maana. Mtu alikuwa akiomba njia, wao wakasikia kelele. Katika kundi lile lote, kitabu hakimtaji hata mmoja aliyeuliza: huyu bwana anataja nini?

Kosa la tatu ndilo zito, nalo linahitaji utulivu kulielewa. Hofu ya watu wa Abame haikuwa ya uongo. Mizimu iliwaambia wazungu wengine watakuja, na kweli walikuja. Iliwaambia kabila litavunjwa, na kweli lilivunjwa. Achebe angeweza kuandika habari za wajinga walioogopa kivuli. Ameandika jambo gumu zaidi: watu walioogopa hatari ya kweli, kisha wakampiga mtu asiyekuwa nayo. Jambo la jumla lilikuwa sahihi, hukumu ya mtu yule mmoja ilikuwa batili. Tena hukumu hiyo ndiyo iliyowapa wazungu sababu ya kuja na bunduki.

Na tusiwasahau wale wazungu watatu. Wao pia hawakuuliza. Waliona baiskeli mtini, wakaona wauaji katika kila mwanamke aliyekuja sokoni kuuza viazi vikuu. Mmoja aliuawa na wachache, kijiji kizima kikalipa. Waigbo walimsoma mtu mmoja kama jeshi zima, na wazungu wakawasoma watu wa soko zima kama muuaji mmoja. Ni kosa lile lile, tofauti ni nani aliyekuwa na bunduki.

Usidhani hii ni hadithi tu. Mwaka 1905 daktari wa Kiingereza, J. F. Stewart, aliyekuwa akisafiri kwa baiskeli, aliuawa karibu na Ahiara, katika nchi hiyo hiyo ya Waigbo, na Waingereza wakapeleka msafara wa kijeshi kuadhibu eneo hilo. Wasomaji wa Achebe wamekwisha kuonyesha kwamba Abame imechongwa kutokana na tukio hilo.

Na sisi wa Pwani hatuhitaji kwenda Nigeria. Septemba 1890, Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake waliuawa Witu, baada ya ugomvi baina yao na watu wa Sultani Fumo Bakari. Ilikuwa miezi michache tu tangu Mjerumani na Mwingereza kutia saini mkataba wao wa tarehe 1 Julai kule Ulaya, ambao uliitoa Witu mkono wa mmoja ukaitia mkono wa mwingine. Mwezi wa Oktoba jeshi la Admirali Fremantle liliingia kutoka baharini, Witu ukatiwa moto. Waliokuwa na nyumba pale na hawakuwa na habari ya ugomvi wowote, nyumba zao ziliungua vile vile. Watu wa Lamu na Tana wanajua kwamba Abame ina ndugu zake kwetu.

Turudi kitabuni. Obierika alipomaliza kusimulia, wazee wawili wa maana walitoa maoni, na hapo ndipo kisa hiki kinapoufungua mlango wa kitabu chote. Uchendu, mjomba wa Okonkwo, alisaga meno kwa hasira, akasema watu wa Abame walikuwa wapumbavu: walimuua mtu bila ya kujua lolote juu yake, na mtu aliyekaa kimya ndiye wa kuogopwa. Okonkwo naye akakubali kwamba walikuwa wapumbavu. Lakini sababu yake ilikuwa nyingine kabisa. Kwake yeye, upumbavu wao ni kwamba walikwisha onywa, wasibebe bunduki na mapanga walipokwenda sokoni.

Kisa kimoja, masomo mawili. Mzee anasema: wangeuliza. Okonkwo anasema: wangejihami kwa silaha. Aliyeishi akafikia uzee ni wa kwanza.

Kwa nini Okonkwo aliona hivyo? Kwa sababu maisha yake yote alikuwa ameshalisoma jambo moja vibaya. Babake, Unoka, alikuwa mpole, mpenda muziki, mwenye madeni. Okonkwo akiwa mdogo aliona aibu, akaamua kwamba upole ndio uliomwangusha babake.  Kuanzia hapo kila lililo laini kwake likawa udhaifu, na kila lililo kali likawa uanaume.

Tazama matokeo. Kijana Ikemefuna, aliyeletwa nyumbani kwake kama fidia ya kijiji kingine, anakaa naye miaka mitatu na kumwita baba. Uamuzi unatoka kwamba kijana auawe. Mzee Ezeudu anakuja kumwonya Okonkwo asitie mkono wake, maana kijana anamwita baba. Okonkwo anafuatana nao. Kijana anapopigwa anamkimbilia yeye, na yeye ndiye anayemmaliza kwa panga. Mwandishi anasema wazi: aliogopa asije akaonekana dhaifu. Mtu aliyedhani anafanya ushujaa alikuwa anafanya woga.

Mwanawe wa kumzaa, Nwoye, anaelewa usiku ule ule kilichotendeka, na kitu ndani yake kinakatika. Wamishonari walipofika, Nwoye aliwafuata. Okonkwo akasema mtoto amekuwa kama mwanamke. Hakuona kwamba alimfukuza yeye mwenyewe, kwa panga lile lile.

Mwishowe anarudi Umuofia, anakuta kijiji kimebadilika. Wajumbe wa mahakama ya wazungu wanakuja kuvunja mkutano. Okonkwo anachomoa panga, anamuua mmoja, akitarajia kijiji kizima kitasimama vitani nyuma yake. Kijiji hakisimami. Wajumbe wengine wanaachwa watoroke, na watu wanaulizana kwa nini amefanya vile. Dakika hiyo ndipo Okonkwo anapofahamu kwamba Umuofia aliyoibeba kichwani si Umuofia iliyo mbele yake. Anakwenda kujinyonga, kifo ambacho kwa mila zao ni najisi kiasi kwamba watu wake hawaruhusiwi kuugusa mwili wake. Wanaomteremsha ni wageni. Na mkuu wa wilaya, mzungu, anaondoka akifikiria kwamba mkasa huu unaweza kumpatia aya moja ya kitabu anachotaka kuandika. Mtu mzima, baba wa watoto, amekuwa aya. Hata hapo mwisho bado kuna mtu anayemtazama mwingine bila ya kumwona.

Sasa nije Malaba.

Machi 2020, korona ilipoingia Kenya na Uganda, mipaka ilifungwa kwa abiria lakini mizigo iliendelea kupita. Ikabidi madereva wapimwe. Kufikia Aprili na Mei, foleni ya malori huku Malaba ilikuwa makumi ya kilomita, na dereva angeweza kungoja majibu siku kadhaa, amelala ndani ya kichwa cha lori. Uganda ilikuwa ikitangaza wagonjwa wapya na wengi waliotajwa walikuwa madereva. Mwezi wa Mei Uganda ikaamua kuwaondoa madereva wa kigeni katika hesabu yake ya taifa.

Angalia jinsi jambo linavyofanana na Abame. Hofu haikuwa ya uongo. Virusi vilikuwepo, na madereva kadhaa walikuwa navyo. Lakini kutoka kwenye "wapo madereva walioambukizwa" watu waliruka hadi "dereva ndiye ugonjwa". Vibanda vilivyokuwa vikiwauzia chai miaka yote vikawafungia. Njia nzima, kuanzia Mariakani, dereva akisimama kununua maji watu walijitenga. Dereva mmoja mtu mzima, wa kwetu Pwani, aliniambia kwamba kilichomuuma si foleni. Kilichomuuma ni kurudi nyumbani akiwa na karatasi ya kuonyesha kuwa hana ugonjwa, majirani wasiitake karatasi, wakaangalia lori tu. Walikwisha funga baiskeli mtini.

Na adhabu ya jumla ikafuata nyuma. Dereva aliyetengwa na raia akajifunza kuficha. Dereva anayeogopa kutajwa hasemi kwamba ana homa. Yaani dhana ile ile iliyodai kuzuia ugonjwa ndiyo iliyoupa mahali pa kujificha. Januari 2022 msongamano ukarudi, safari hii madereva wenyewe wakigoma kwa ajili ya vipimo vya Uganda na ada yake. Malori yakapanga foleni tena, mafuta yakaadimika Uganda. Watu wakashangaa kwa nini madereva wamekuwa wakaidi. Aliyewatazama vizuri miaka miwili nyuma hakushangaa.

Lakini ndugu msomaji, Malaba hatukuua mtu sokoni. Kwetu Pwani tunaua. Na hili ndilo lililonifanya niandike.

Katika kaunti ya Kilifi, na hata Kwale, kwa miaka mingi wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Ushahidi ni upi? Mvi. Macho mekundu, ya mtu aliyepikia kuni maisha yake yote. Bibi anayeongea peke yake kwa sababu hana tena wa kuongea naye. Mtoto wa jirani ameugua, ng'ombe wamekufa, kijana amekosa kazi, basi jicho linamwendea mzee. Huko Ganze, Kaya Godoma, wapo wazee waliokimbia makwao wakapewa hifadhi, kwa kuwa watoto wao wenyewe waliwatishia maisha. Nao wanaofuatilia mauaji haya wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya neno "mchawi" mara nyingi kuna shamba: mzee akiondoka, ardhi inagawika.

Hapa kisa kinapata ukali ambao hata Achebe hakuutia Abame. Kule watu waliona vibaya kwa sababu hawakuwahi kumuona mzungu. Sisi tunamuona vibaya mtu aliyetulea, anayezungumza lugha yetu, ambaye jina lake tunalijua na jina la babake tunalijua. Hatuna hata udhuru wa baiskeli.

Dini yetu imelisema jambo hili waziwazi. Sura ya Hujurat inatuamrisha tuhakikishe habari tunazoletewa kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua, tukaja kujuta. Na katika sura hiyo hiyo tunakatazwa dhana nyingi. Majirani zetu Wakristo nao wanakatazwa kumshuhudia mtu uongo. Kwa hivyo hakuna anayeweza kusimama mbele ya maiti ya mzee akadai hakufundishwa.

Nini la kufanya? Sitaki kumaliza kwa nasaha za juu juu. Nasema mambo mawili ambayo yamo ndani ya kisa chenyewe.

La kwanza, tutenganishe hofu na hukumu. Mtoto akiugua, ugonjwa ni wa kweli na hofu ni ya kweli, apelekwe zahanati. Hayo hayajathibitisha lolote kuhusu bibi wa nyumba ya tatu. Anayelitaja jina la mtu katika msiba aulizwe pale pale: umejuaje? Na nani anapata shamba?

La pili, auliziwe anayetuhumiwa, kwa kinywa chake. Wanawe wakae naye. Mzee wa mtaa, chifu na imamu wasingoje kuitwa kwenye mazishi. Uvumi unaosambazwa na vijana kwa simu usiku unajulikana na watu wengi kabla ya asubuhi. Kila mmoja wao alikuwa na nafasi ya kuuliza.

Kijana wa bodaboda hapa Busia, ukimsimamia, awe anakujua au hakujui, uwe Msamia, Mganda au Mswahili kama mimi, neno lake la kwanza ni moja: "Waenda wapi, mzee?" Hajali kabila lako kwanza, hajali sauti yako ni ya puani au ya kifuani. Anataka kujua safari yako. Watu wa Abame walikuwa na nafasi ya kuuliza swali hilo hilo kwa mtu aliyekuwa akilijibu tayari, tena na tena, na wakamuua akiwa bado anataja jina la kijiji.

Wazee wetu wa Kilifi nao wanasema kitu. Tuwasikilize wakiwa hai.

Wabillahi tawfiq.